Mapigo Kumi na Tisa ya Kimya

Leo nimesikia mtu akijisifia hesabu yangu. Na mimi nimekaa pale pale!

Ni Wanjiku, rafiki yangu tangu miaka ya sitini. Kwao Loresho, mtaa wa kitajiri Nairobi, kulikuwa na piano. Mimi nilijichorea yangu kwa chaki juu ya meza ya jikoni, vibao vyote themanini na vinane, nikajifunza hivyo hivyo.

Mwaka wa 1971 alipiga muziki wa kisasa katika ukumbi mmoja mjini. Mimi nilikuwa wa kumgeuzia kurasa za muziki.

Katikati ya muziki ule kuna kimya cha mapigo kumi na tisa. Hesabu ikampotea.

Mimi haikunipotea. Nilimgusa kiwiko, akaingia sawasawa. Watu wakasimama kumpigia makofi. Yeye, si mimi.

Sasa leo, nyumbani kwake, anawaambia wageni, "Kile kimya nilikihesabu mwenyewe!"

"Mwenyewe, na kiwiko alikigusa nani?" nikamuuliza.

"Wacha wivu, Mama Otieno. Njoo unigeuzie kurasa, niwapigie wageni muziki ule."

Nikaenda. (Msinicheke.) Lakini nilishaapa moyoni: safari hii simgusi.

Kimya kikafika. Kumi na sita. Kumi na saba. Macho yake yananitafuta. Kumi na nane.

Nikamgusa.

Si kwa ajili yake. Muziki huo nimeupenda zaidi ya miaka hamsini, siwezi kukaa nikiusikia ukiharibika.

Makofi tena. Wanjiku akainuka, akawaambia wageni, "Mmeona? Sijapoteza hata pigo moja."

Ingekuwa ni wewe, ungemgusa?