Mjomba Aliyeonja Dawa ya Mgonjwa

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya wagonjwa wa akili, hapa Bujumbura, vita vikiwa vimepamba moto, mama alinisindikiza hadi mlangoni akilia, utadhani mimi ndiye ninayelazwa. Nilikuwa muuguzi, nimehamishwa kutoka wodi ya uzazi, na majirani zetu wa Buyenzi waliona nimeshushwa cheo. Shefu, yaani mkuu wa wauguzi, mama mkali mwenye miwani, akanikabidhi funguo. "Hapa utasikiliza kuliko utakavyochoma sindano. Ukishindwa, rudi kwa vichanga."

Ninyi vijana mnaoingia kazini leo, jueni kwamba hatukukimbilia dawa. Mgonjwa akifika tulichukua historia: yalianza lini, analala vipi, amepatwa na nini. Tulimpima hata malaria, maana homa nayo huvuruga akili. Na hakulazwa mtu bila murwaza, yaani ndugu wa kukaa naye, kumpikia, kumfulia na kumpa vidonge vyake.

Ndivyo alivyokuja Ramadhani, fundi wa magari, aliyesikia injini zikimtukana. Murwaza wake alikuwa mjomba wake, Mzee Yusufu, aliyekimbia mapigano ya Kinama akaja kuishi kwao. Ukoo ulikuwa umeshaamua: asipopata nafuu kwetu, atafungwa kamba apelekwe kwa mganga wa milimani. Barabara za huko wakati ule, kwenda ulikwenda, kurudi ni majaliwa.

Kijana akakataa dawa. Mnajua desturi yetu: anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, uone hakina sumu.

"Mi sinywi kitu mutu hajaonja," akasema.

Basi mjomba akaonja. Sasa, bia utaionja, kidonge utakionjaje? Alikimeza chote, kila asubuhi, na mgonjwa hakubakiziwa kitu. Sisi hatukujua. Tuliona tu Ramadhani ametulia, anachambua maharage, anafua mashati ya mjomba na kumpungia nzi, huku akizijibu injini zake kwa adabu. Wodi nzima tukasifu dawa.

Shefu hakusifu. "Mbona murwaza anakoroma na mgonjwa ndiye anafua?"

Akamwita Daktari Mkuu, naye akamtikisa mzee. "Mzee, mugonjwa ni nani hapa?"

"Ni huyu," akamwonyesha mpwa wake, akalala tena.

Alipoamka alikiri kwamba vidonge alivimeza yeye, akaambiwa ukweli: dawa ya mwenzako yaweza kukudhuru. Kisha Daktari Mkuu akaketi kitandani kwa Ramadhani, akafanya jambo ambalo sote tulikuwa hatujalifanya. Akamweleza ugonjwa wake. Akamwambia dawa itapunguza zile sauti, lakini inaweza kumletea usingizi na kutetemeka mikono, na ikimsumbua aseme, ibadilishwe. Kuna vidonge vya kila siku, kuna sindano inayokaa mwilini wiki kadhaa. Dua za sheikh ziendelee, na kurudi gereji nako ni tiba. "Wewe unataka ipi?"

Ramadhani akasema, "Mi naogopa, muganga. Lakini mujomba hajalala tangu Kinama. Usiku anaita watoto wake, wale walikufa. Mi ndo namuitikia. Munichome ile sindano, nakubali. Lakini mumusikilize na yeye. Mi nikilala, nani atamuitikia?"

Shefu alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Mimi nililia waziwazi.

Mzee Yusufu akalazwa pia. Tiba yake haikuwa sindano, bali mazungumzo: aketi na shefu, awataje wanawe mmoja mmoja. Ikabaki kanuni ya murwaza, maana sasa wote wawili walikuwa wagonjwa. Shefu akatangaza kwamba kila mmoja ni murwaza wa mwenzake, na asiyeridhika aende kwa Waziri.

Ramadhani alirudi gereji. Injini zilimnong'oneza mara mojamoja, lakini matusi yalikwisha.

Sasa nimestaafu. Watu hubisha hodi, wakanisogelea sikioni: "Mama, kuna jirani yangu mumoja, usiku halali." Huyo jirani sijawahi kumwona hata siku moja. Mimi humvutia kiti aliyekuja, nikamuuliza, "Na wewe, unalala?"