Seti Isiyopata wa Kuistahili

Ukipata pancha mtaa ule, ulikuwa huna budi kupitia mikononi mwa Dole, na hakuna aliyetoka pale na heshima yake kamili. Mzee hakuwa mtu wa kupayuka. Alikutazama wewe, akalitazama tairi, akakutazama tena, kisha akauliza kwa upole, "Na hili uliliendesha ukiwa macho?" Ukiondoka, tairi lako limezibwa, ila wewe mwenyewe umetoboka.

Jina lake lilitokana na dole gumba la mkono wa kulia. Mafundi wengine wana vipimo. Yeye alikuwa na dole. Alifumba macho, akaukandamiza ukucha kwenye mpira kusikiliza unavyozama, kisha akatoa hukumu. "Hili litashika." Au, "Hili godoro, litakustarehesha mpaka mtaroni." Au, "Hili jiwe, kajengee msingi." Baada ya hapo hakuna rufaa. Majina makubwa yaliyoandikwa ubavuni mwa matairi aliyadharau, na zile namba nne ndogo zinazoonyesha tairi lilitengenezwa wiki gani ya mwaka gani alizidharau zaidi. Namba, alisema, ni za makarani. Ukweli ni kwamba macho yake yalikuwa yameacha kuziona siku nyingi, lakini nani angethubutu kumtajia mzee yule miwani?

Wateja nao walistahili kusutwa, tusimwonee bure. Wapo waliokuja wakalipiga tairi teke, kana kwamba tairi ni punda ataamka atembee. Dereva wa basi la shule ndiye aliyekuwa bingwa wa mateke. Muhula uliopita alipiga teke matairi kumi na moja ya mtumba, akainua mabega, na Dole akamsukuma pembeni, akamchagulia manne kwa dole. Wapo vijana wa magari ya mbio waliotaka tairi pana kwa sababu ni pana. Ukiwauliza wanakwenda wapi na gari hilo, wanakwenda dukani na kurudi. Na kwa miaka miwili ya mwisho Dole alikuwa na lawama mpya, aliirudia kwa kila aliyekaa pale: mpira wa siku hizi umeharibika, umekuwa laini mno. "Zamani ukucha ulikuwa unapigana na mpira," alisema. "Sasa hivi unabonyeza unaona kama hakuna kitu. Viwanda vimejaa wavivu."

Mbele ya karakana, juu ya mlango, yalining'inia matairi manne mapya ya gari la kasi, mapana, meusi tititi. Hiyo ndiyo ilikuwa Seti. Ilikuwa imening'inia pale mwaka wa saba, jua likiipiga kuanzia saa nne mpaka saa tisa, na kila Ijumaa Dole aliishusha, akaipaka dawa ya kung'arisha, akaibonyeza kwa dole, akairudisha. Waliotaka kuinunua walikuwa wengi. Daktari mmoja aliambiwa gari lake ni jeneza lenye redio. Mfanyabiashara wa saruji aliambiwa arudi akishajifunza kukata kona. Mwenye hoteli aliambiwa tu, "Hapana," na alipouliza sababu akajibiwa kuwa sababu ni yeye. Dole alikuwa akimngoja mtu wa kuistahili Seti ile, na kwa kuwa aliwadharau watu wote, alingoja sana.

Mtu mmoja tu duniani ambaye Dole hakumdharau ni binti yake. Alikuwa muuguzi katika zahanati iliyo ng'ambo ya mlima, na kila siku alipanda na kushuka barabara yenye kona saba, upande mmoja mwamba, upande mwingine hakuna kitu. Alilipenda gari lake jekundu la milango miwili, alilolinunua likiwa limetumika, lenye injini kubwa kuliko busara. Sasa matairi yake yalikuwa kipara na mvua zilikuwa wiki moja tu mbele. Gari lile lilihitaji matairi mapya kabla ya tone la kwanza kuanguka kwenye kona zile, na hilo kila mtu katika familia alilijua bila kuambiwa.

"Seti imepata mwenyewe," Dole alisema, akaanza kutafuta ngazi.

Hapo ndipo mkwe wake, mume wa binti huyo, alipofungua mdomo. Mkwe alikuwa mpima ardhi, mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni na utepe wa kupimia kiunoni hata siku za mapumziko. Dole alimwita Mita, usoni na kisogoni. Tangu siku ya posa hakuwahi kumwita jina lingine.

"Baba, samahani," alisema Mita. "Mimi naona tulinganishe kwanza. Hiyo Seti, na yale ya starehe uliyonayo ndani, na yale ya bei nafuu. Tumwagie maji lami, gari liende kasi ileile, lifunge breki palepale, tupime. Linaloshika tutaliona, linalotikisa mgongo tutalisikia, na bei zake tunazijua."

"Tupime," Dole alirudia, kama mtu aliyeonjeshwa dawa. "Umeoa kwangu mwaka wa nne, Mita, na bado hujui kwamba hapa kipimo ni hiki?" Akamwonyesha dole.

"Sijakataa dole, baba. Nasema tu tuongeze utepe."

Mafundi wa jirani walikuwa wameshaacha kazi zao na kusogea. Dole angeweza kukataa, lakini kukataa mbele ya watu ni kukiri, na mzee hakuwa na kawaida ya kukiri. Basi Jumapili mchana wakakutana kwenye uwanja wa ghala lililofungwa, lami tupu, wakavuta mpira wa maji kutoka kwa waosha magari. Binti alikuja moja kwa moja kutoka zamu, bado na sare nyeupe, saa yake imebanwa kifuani kwa pini.

Mita alichora mstari kwa chaki pale breki zitakapofungwa. Dole akauangalia mstari ule kwa huruma. Kisha akabeba kiti chake, kile cha mbao chenye mguu uliofungwa waya, alichokikalia miaka ishirini akiwahukumu watu, akakiweka katikati ya lami, mita kumi na nane mbele ya mstari.

"Haya ya bei nafuu yatakigusa," alisema. "Godoro litakigusa. Seti itasimama huko nyuma kabisa, na mimi nitakuwa nimekikalia."

"Baba, hukikalii," alisema binti.

"Nitakikalia."

"Basi siendeshi. Na Jumatatu nitapanda mlima na haya haya ya kipara."

Alimjua baba yake. Mzee akakiacha kiti, akasimama pembeni akinung'unika kwamba siku hizi watoto ndio wazazi.

Wakaanza na yale ya bei nafuu. Gari lilikuja kwa kasi ya hamsini, breki zikafungwa kwenye chaki, likasimama mita kumi na saba, hatua moja kutoka kwenye kiti. "Yanashika," alisema binti akishuka, "lakini kila jiwe nimelijua kwa jina." Mita akaandika. Dole alivua matairi manne na kufunga mengine manne kwa mikono yake mwenyewe, kwa vyuma viwili, bila kumruhusu mtu amsaidie. Mzee alijua kazi, hilo tusimnyime. Yale ya starehe, godoro lenyewe, yalisimama mita kumi na tano. "Haya matamu," alisema binti. "Mgongo hausemi kitu."

"Bahati," alisema Dole. "Maji yalikuwa yamepungua."

Wakaongeza maji. Seti ikafungwa. Ilikuwa nzuri kweli kuitazama, iling'aa kama viatu vya bwana harusi, na mafundi wa jirani wakapiga mluzi. Dole akaibonyeza mara ya mwisho, macho yamefumbwa. "Laini," alisema. "Hii itashika mpaka iumize lami." Akakunja mikono kifuani.

Gari jekundu lilikuja kwa kasi ileile. Breki zikafungwa kwenye chaki ileile. Halafu halikusimama. Lilipita mita kumi, likapita kumi na tano, likiteleza kimya, pua imeanza kugeukia pembeni, na kile kiti cha miaka ishirini kikaingia chini yake na kutoka nyuma kikiwa kuni. Lilisimama mita ishirini na tano. Maji yaliendelea kutiririka kutoka kwenye mpira, kwa sababu aliyepaswa kuyafunga alikuwa ameduwaa.

Dole alitembea mpaka kwenye gari. Alipiga goti kwenye maji, akaukandamiza ukucha kwenye mpira. "Lakini ni laini," alisema. Akabonyeza tena. "Ni laini."

Mita alikuja akainama kando yake, akajaribu kwa ukucha wake mwenyewe. Haukuzama hata kidogo. Angeweza kusema lolote saa ile, na wengine wetu tungesema. Yeye alirudisha kalamu yake mfukoni.

Binti alikuwa ameshuka. Alimtazama baba yake akibonyeza na kubonyeza, na macho yake yakabadilika, yakawa macho ya kazini. Alifungua pini ya saa yake. "Baba, nipe mkono. Fumba macho."

"Ya nini?"

"Fumba tu. Ukisikia kitu, niambie."

Akafumba. Alikuwa bado anazungumza, anasema Seti haina kosa, kosa ni la breki, na nani anajua Mita alichora wapi chaki yake. "Haya, anza basi," alisema. "Unangoja nini?"

Binti alikuwa ameshamchoma mara tatu. Tone la damu lilikuwa limeshajikusanya juu ya dole, likaanza kuteremka kwenye kiganja.

"Fumbua, baba."

Alifumbua akaiona damu. Aliitazama kama ya mtu mwingine.

"Tangu lini?" binti aliuliza kwa sauti ya chini.

Sisi tuliokaa pale kwake tungeweza kumjibu. Tangu mpira wa siku hizi ulipokuwa laini. Miaka miwili mzee alikuwa akivilaumu viwanda, na kilichokufa kilikuwa kwenye mkono wake. Alikuwa ameikausha Seti juani kwa kuwakataa watu, kisha akaisifu kwa kidole kisichosikia, na nusura amfungie mwanawe aende nayo kwenye kona saba. Aibu ilimshika waziwazi, na alivyokuwa hana mazoezi nayo, hakujua aiweke wapi.

Kisha akasimama ghafla. "Basi la shule," alisema.

Asubuhi ya Jumatatu, kabla kengele haijalia, alikuwa amepiga magoti mbele ya lango la shule, kando ya basi, watoto wakichungulia madirishani. Wingu zito lilikuwa limekaa juu ya mlima. Dereva wa basi alisimama juu yake, mikono mfukoni, akifurahia kila dakika.

"Mzee, mbona unababaisha? Si uliniambia yatashika? Bonyeza basi. Leo dole limeenda wapi?"

Dole aliuingiza mkono wake wa kulia mfukoni. Lile neno lake la kumtoboa mtu lilikuja, likafika mpaka kwenye ulimi, akalimeza. Akageuka kumtafuta yule mwembamba mwenye kalamu tatu, aliyekuja bila kuitwa na tayari alikuwa amelala chali chini ya basi na tochi.

"Mkwe wangu," alisema. "Nisomee namba."