Upinde Niliokuwa Nikiulaza

Nikiri mapema: wiki nzima nilikuwa nauharibu mwenyewe upinde niliokabidhiwa kuurekebisha, na kila asubuhi nikamlaani aliyeuunda.

Siku yangu ya kwanza kazini nilishika spana kwenye korona, ile mashine ya kukamua mkonge, nikajua nitastaafu nayo. Shamba likabinafsishwa. Meneja mpya akaja Korogwe na orodha ya wa kupunguzwa, na upinde wa kulengea shabaha.

"Fundi," akaniambia, "Jumamosi nashindana na wageni. Nirekebishie upinde huu. Ukipiga sawa, wewe unabaki karakana hii. Ukipiga kombo, unakwenda Sindeni kwenye matrekta."

Sindeni! Mimi ambaye kutoka kwangu Masuguru kwenda stesheni tu naaga kama ninayehama.

Upinde ule ulikuwa wa kemu moja. Bawa la chini, yaani mkono wa chini wa upinde, lina kemu, gurudumu lenye umbo la yai. La juu lina puli ya duara tu. Kila bawa lina bolti yake, na bolti zisipolingana, upote, ile kamba ya upinde, unakaa vibaya na mshale unatoka ukitikisa mkia. Kuupima, unatandaza gazeti kwenye fremu na kulipiga kwa hatua tatu. Tundu safi, umepona. Likichanika kuelekea juu, mkia ulikaa juu mno: shusha kile kifundo cha upote unapopachikia mshale.

Nikashusha. Jumatatu jioni, tundu safi. Jumanne asubuhi, gazeti limechanika kama kanga ya ugomvi. Nikahangaika kutwa, jioni tundu safi. Jumatano, yale yale! Magazeti yakaniishia, Msimamizi wa Karakana akanipa lake kabla hajalisoma, amenuna.

Ijumaa jioni akanikuta nimemaliza kulegeza bolti.

"Unafanya nini, wewe?"

"Naulaza, mkuu."

"Unalaza nini?"

"Upinde. Babu yangu alikuwa mwindaji kule Handeni. Ukilala umekazwa, unachoka mgongo."

"Wa babu yako ulikuwa mti! Huu umeundwa ukae umekazwa hivyo hivyo. Na asubuhi unakaza raundi ngapi?"

"Mpaka mkono uridhike."

Akakaa juu ya tairi, akashika kichwa.

Jumamosi nilikaza kwa kukisia, na wageni wakafika kabla sijapiga hata gazeti moja. Mshale wa kwanza wa Meneja ulipita juu ya shabaha ukapotelea kwenye mikonge. Hakufoka, afadhali angefoka. Aliokota spana yangu, akaniwekea mkononi: "Sindeni. Jumatatu."

Nilikaa huko mpaka nikastaafu, nikiamka kila siku kusikiliza matrekta yanayokohoa, huku nyumba yangu ikinisubiri Masuguru. Sasa nimerudi, na sitoki hata kwa dawa. Mafundi wachanga wakinijia nawaambia: kifaa kigeni kiulize kwanza, ndipo ukihurumie.

Juzi nilimsimulia haya jirani yangu, Mama Sefu. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni, kisha akasema:

"Chuma cha meneja ulikionea huruma kisichoke. Jembe langu uliloazima tangu masika, lenyewe litarudi kulala lini?"