Nyuzi za Chini ya Kaunta

Jumamosi, kwenye duka la vyombo vya muziki mjini Shinyanga, mzee wa kwaya kutoka Mhunze alilishika gitaa la besi, akahesabu nyuzi kwa kidole. Nne.

"La kanisani kwetu lina sita. Mbili umezificha wapi?"

Muuzaji akababaika. "Shikamoo, mzee. Besi ni nne tu."

"Marahaba. Hata sukari mnasema haipo, kumbe mmeificha."

Sisi wateja tukanung'unika. Mtu akatamka, "Mlanguzi." Muuzaji akatokwa jasho, akainama, akaibuka na nyuzi mbili kutoka chini ya kaunta.

Mzee akazitia mfukoni, akaondoka ameridhika. Gitaa akaliacha palepale.

Nyuzi zake nimezihesabu mwenyewe: nne. Lakini kama hazikupungua, zile mbili muuzaji alizitoa za nini?