Mlango Uliopungua

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta tumezoea kumwita Hakitupwi. Jina alilipata kwa mkewe. Siku moja mama huyo alibeba ndoo iliyotoboka kwenda kuitupa, mumewe akamkimbilia hadi getini akipiga kelele, "Hakitupwi hicho! Hakitupwi!" Mtaa mzima ukasikia, na jina likamganda kama gundi. Mwenyewe hakuchukia. Ndoo ile leo imepandwa vitunguu.

Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, fundi wa pampu za maji katika kiwanda cha sabuni. Hajawahi kuwa na gari, lakini nyumba yake ina gereji, na nadhani siku alipoinunua aliitazama gereji kwanza, vyumba akavichukua kama nyongeza. Humo ndani misumari iliyopinda inanyooshwa, halafu inalala kwenye makopo ya maziwa kwa kufuata urefu. Meza ya kazi zamani ilikuwa madawati mawili ya shule. Injini ya mashine ya kufulia iliyokufa inazungusha jiwe la kunolea. Redio haina mgongo, inaimba tumbo wazi.

Kila Jumamosi asubuhi hufungua, hufagia, nami huingia na kikombe changu cha chai. Nashika ubao upande mmoja, yeye anakata upande wa pili. Inaweza kupita saa nzima bila neno, na hakuna anayeona vibaya.

Kitu kimoja lazima nikieleze, maana ndicho kilichotuponza. Hakitupwi hapimi kwa futi ya dukani. Ya kwake ilikatika zamani, na badala ya kununua nyingine akachukua kijiti kirefu kilichonyooka, akaenda nacho nyumba nzima akikitia alama kwa kisu. Alama moja ni upana wa dirisha la jikoni, nyingine kimo cha meza, nyingine mlango wa chumba cha nyuma, na kadhalika. Akitaka kutengeneza kitu haendi tena ndani kupima. Anatazama kijiti. "Nyumba yote ninayo mkononi," huwa anasema. Na kweli, kwa miaka mingi sikuwahi kuona kijiti kile kikimwangusha.

Basi mwaka huu mama mkwe wake akaanza kuanguka. Alikuwa akiishi peke yake, magoti yamechoka, na alipoanguka jikoni mara ya pili binti yake akasema yatosha, mama anakuja kukaa hapa. Nilikuwepo walipozungumza, nimeshika ubao, nikatamani niwe ubao.

"Atalala wapi?" akauliza Hakitupwi.

"Hapa," mkewe akasema, akizungusha mkono gereji nzima. "Pana hewa, pana nafasi. Tunatoa huu uchafu, tunapaka rangi."

"Uchafu upi?"

"Niuonyeshe upi niuache upi?"

Jirani yangu akaonyesha nyumba kwa kidole. "Kuna chumba cha nyuma. Tangu mtoto aolewe kiko bure."

"Hakina kitanda. Na kitanda cha kawaida kiko chini mno, magoti ya mama hayataki kuinama."

"Nitatengeneza cha juu."

Mkewe akacheka, akanigeukia mimi. "Jirani, umemsikia? Kabati la jikoni alisema atatengeneza, nikiwa mjamzito. Mtoto kazaliwa, kasoma, kaolewa. Kabati bado." Kisha akaacha kucheka. "Sikiliza, mume wangu. Mama anafika Jumamosi ijayo. Kitanda kikiwa chumbani, gereji ni yako, sitaitaja tena. Kisipokuwa, atalala hapa. Na akishalala hapa hata usiku mmoja, simhamishi mama yangu kama gunia."

Tangu siku ile, akitoka kiwandani aliingia gerejini moja kwa moja. Mkewe alikwenda kumtazama mama akarudi na uzi wenye fundo: kutoka sakafuni hadi chini ya goti. Hakitupwi akauning'iniza msumarini mbele ya macho yake, na kitanda kikapanda hadi kwenye fundo. Mbao zilitoka kwenye masanduku ya mashine yaliyotupwa kiwandani, ngumu, nzuri, akazipiga randa hadi zikang'aa. Chini akaweka droo mbili za nguo za mama mkwe. Kichwani na miguuni akasimamisha mbao pana, ili akitaka kuinuka ashike popote. Hakutia skrubu hata moja. Kila ubao aliuchonga ulimi ukaingia kwenye tundu la mwenzake, akatia gundi, akagonga. "Hiki hakilii," akasema akikitikisa. Kweli hakikulia. Wala hakikufunguka tena.

"Kitapita mlangoni?" nikamwuliza.

Alichukua kijiti, akakilaza kwenye ubao wa kichwani, kimo chake, akaniwekea kucha kwenye alama ya mlango. Kikilazwa ubavu kingepita, na nafasi ya kidole ingebaki.

Jumamosi mkewe akaondoka mapema kumchukua mama. Sisi tukabeba kitanda, tukakiingiza ndani kwa shida, tukafika kwenye mlango wa chumba cha nyuma, tukakilaza ubavu, tukasukuma. Kikagota. Tukarudi nyuma, tukasukuma tena. Kikagota palepale. Ukumbi ni mwembamba, hapana pa kukizungushia.

Akaenda kuleta kijiti. Akakiweka kwenye kitanda: sawa. Akakiweka kwenye mlango: alama ilizidi kwa kiganja kizima. Akakigeuza, akapima tena.

"Jirani," akasema polepole, "huu mlango umepungua."

"Mlango haupungui."

Akautazama mlango muda mrefu. Ni mlango mzuri, wa mbao nzito, aliuokota ofisi moja ilipobomolewa. Ulikuwa mlango wa choo. Kwa kuwa choo ni chembamba na mlango wake ni mwembamba, yeye mwenyewe aliipunguza nafasi kwa matofali ubavuni ili mlango uenee. Mkewe alimtania mwaka mzima kwamba amemlaza mtoto chooni. Hayo aliyafanya miaka kumi iliyopita, kwa mikono hii hii, na kijiti kilikuwa kimeshatiwa alama kabla ya hapo.

Akakaa sakafuni. Mganga hajigangi. Mtu anayejua nyumba yake kwa alama alikuwa amesahau kukiambia kijiti chake.

Tulikirudisha kitanda gerejini. Akachukua penseli, akachora mstari kwenye ubao wa kichwani, mwingine kwenye wa miguuni. Akashusha msumeno ukutani. Nilijua moyo unamuuma, kwa sababu alianza kuunoa, na ulikuwa tayari mkali.

Kabla hajakata, honi ikalia nje.

Mkewe alishuka kwanza, akafungua nyuma ya teksi, na yeye na dereva wakatoa kitu ambacho hatukukitarajia: kiti cha magurudumu. "Daktari amesema asikanyage kwanza, mpaka magoti yatulie," mkewe akasema. Mama akashushwa juu yake, mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyepitwa. Wakamsukuma kwenye kimteremko cha saruji alichokimwaga Hakitupwi kwa ajili ya toroli lake, wakaingia ndani. Sisi tukafuata kama watuhumiwa. Kwenye mlango wa chumba cha nyuma kiti kikagota, gurudumu huku na gurudumu kule.

Mkewe akachungulia ndani. "Na kitanda kiko wapi?"

"Gerejini," nikasema mimi.

"Gerejini! Haya. Basi mama amepata chumba."

"Hakipiti, lakini nakikata sasa hivi, mama," Hakitupwi akamwambia mkwewe, msumeno bado mkononi. "Dakika chache tu, kitapita."

Bibi akautazama msumeno, akatazama magurudumu yake, akatazama mlango.

"Mwanangu, kitanda utakikata. Na mimi utanikata wapi?"

Mkewe alijaribu kukaza uso, akashindwa. Akacheka hadi akashika ukuta. Hakitupwi hakucheka. Alikuwa anautazama mlango wake kama mtu anayeagana na rafiki. Kisha akaweka msumeno chini, akaniambia, "Niletee nyundo kubwa na tindo."

"Jua halijatua," mkewe akasema akijifuta machozi. "Neno langu ni lilelile."

Tulimpeleka bibi gerejini apumzike. Akakaa juu ya kitanda, nyayo zake zikagusa sakafu sawasawa, hazikuning'inia wala magoti hayakupanda. Akapapasa ubao wa kichwani, akafika kwenye mstari wa penseli, akalowesha kidole mate akaanza kuufuta.

Sisi tukang'oa mlango, tukabomoa matofali. Kila tofali lililotoka zima, Hakitupwi alilipangusa saruji akalipanga pembeni, mkewe akipita na ufagio anasema, "Hata leo?" Alasiri nafasi yote ya mlango ilikuwa wazi. Akaweka kijiti. Ncha iligusa huku, alama ikagusa kule, kama alivyoitia siku ya kwanza. Jua lilikuwa bado kwenye bati la jirani wa pili tulipokilaza kitanda ubavu na kukisukuma. Kikapita. Kidole kimoja kilibaki, nilikitia mwenyewe. Bibi akaingia nyuma yake kwa magurudumu yake, bila kugusa popote.

Mkewe alisimama pale mlangoni akitikisa ukingo kwa mkono. "Pazia nitashona kesho," akasema. Gereji hakuitaja.

Jumamosi iliyofuata nilipofika na chai yangu nilimkuta bibi gerejini, penye jua, kopo la misumari mapajani. Alikuwa anatenga iliyonyooka na iliyopinda. Mlango wa choo ulikuwa umelala juu ya meza ya kazi, nusu yake imeshapigwa randa. Ungekuwa meza ya kuwekwa mbele ya kiti chake kule chumbani, apate pa kulia chakula.

Hakitupwi akaweka kijiti juu ya ubao, akatia alama, akachukua msumeno. Akasita. Akaweka msumeno, akatoka na kijiti chake hadi ndani ya nyumba. Tulimsikia akikigusisha kwenye ukingo wa mlango, tak, upande huu, tak, upande ule.

Aliporudi, bibi hakuinua macho kutoka kwenye misumari yake. "Haujapungua?"

"Haujapungua, mama," akasema, akaanza kukata.