Ng'ombe Ambaye Simu Haikumwona

Mimi hufundisha historia katika shule ya upili hapa Kitengela, na sipendi kubishiwa. Kila Januari huchora ubaoni mshale mrefu: mawe ya kuchongwa, moto, kufuga, chuma, kompyuta. Mwisho wa mshale huwaachia wanafunzi wajaze wenyewe. Huandika roboti, mashine zinazofikiri, magari yanayopaa. Huwapa alama zote, maana hata mimi naamini.

Ndiyo sababu mwaka jana nilimsumbua mume wangu mpaka tukawafunga ng'ombe wa baba yake vifaa vya shingoni, vinavyoonyesha kwenye simu kila mmoja yuko wapi. Baba mkwe anaishi Bisil. Hajawahi kuhesabu ng'ombe maishani mwake. Kwa Wamasai, kuwahesabu ni kuwaitia balaa. Jioni husimama langoni wakiingia, akatazama rangi, pembe na mwendo, akajua ni nani hayuko. Sisi wa Murang'a tunahesabu hata mayai kuku akiwa bado ameyalalia! Nilimcheka kimoyomoyo, nikasema mzee huyu yuko kule mwanzo wa mshale wangu.

Likizo ya Agosti tulikuwa kwake. Ng'ombe wakaingia, simu ikaonyesha wote wako ndani. Mume wangu akashika tawi la miiba la kufungia lango.

"Wacha!" baba mkwe akasema. "Mmoja hajafika."

"Wako wote, Baba. Angalia simu."

"Simu imezaliwa juzi. Mimi nasema mmoja hayuko."

Mume wangu akapanda pikipiki, akaenda kutafuta. Mimi nikabaki na aibu yangu. Vifaa nilivichagua mwenyewe. Kama vimedanganya, basi ng'ombe wa watu ameliwa na fisi kwa sababu ya kiherehere changu. Nikapita katikati ya ng'ombe, nikakagua shingo baada ya shingo. Kila kifaa kilikuwa sawa.

Nikarudi langoni. "Kwani ni yupi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto wake. "Si yule mwekundu wa paji jeupe, Paashe. Ng'ombe wako."

Woi! Siku ya harusi yangu nilikataa kuingia bomani, kama nilivyofunzwa, mpaka baba mkwe akanipa ndama mwekundu. Tangu siku hiyo tunaitana Paashe, jina la watu waliopeana ndama. Huyo ndama alikua, akazaa, akafa ule mwaka wa kiangazi kibaya. Baba mkwe mwenyewe ndiye aliyemwinua kichwa akimnywesha maji.

Mume wangu akarudi, nikamnong'onezea. Akabaki ameketi juu ya pikipiki, injini ikinguruma. Haki ya nani, niliomba moyoni kifaa kiwe kimeharibika.

Baba mkwe alikuwa bado anaangalia barabara.

"Amelala kwa jirani, Paashe," nikamwambia. "Amekaribia kuzaa."

Akafikiri kidogo. "Mmempa maji?"

"Tumempa."

Ndipo akaturuhusu kufunga lango.