Jabali la Shimo la Sita

Nilipoajiriwa posta ya Voi, kazi yangu ilikuwa kuunganisha simu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka milimani kwetu Taita, na kitu kinachoitwa gofu nilikuwa nimekiona kwa mbali tu nikichota maji. Sikuwahi kufikiri kwamba ni mchezo wa mtu kama mimi.

Aliyeniingiza katika mchezo huo alikuwa mkubwa wetu wa posta. Alikuwa mtu wa Machakos, mrefu, mkimya, na mwenye ugonjwa wa presha. Daktari alimwambia atembee, naye akaona kutembea bila sababu ni kazi ya wendawazimu, akanunua fimbo za gofu za mitumba. Makarani wa kiume walikataa kumfuata. Jumamosi yao ilikuwa ya mpira wa miguu na bia. Mimi kila Jumamosi adhuhuri nilikuwa napanda kwetu, na uwanja ulikuwa njiani, juu ya Mwatate. Akaniambia, "Nitakupa lifti mpaka kwenu, lakini kwanza tutapiga mashimo tisa." Watu wakasema waliyosema kuhusu msichana na mkubwa wake. Kisha mkewe akanipa viatu vyake vya raba mbele ya ofisi nzima, na yale maneno yakafa.

Uwanja ule ulijengwa wakati wa wazungu. Wengi wao walipoondoka baada ya uhuru, ukawa wa umma. Ukilipa pale dirishani, unacheza, uwe nani. Ulianza mahali pa tambarare, ukapanda mlima kama njia ya mbuzi, ukapita katikati ya miti mikubwa na majabali, kisha ukashuka. Nyasi zilikatwa na ng'ombe zaidi kuliko mashine. Kulizunguka kila shimo hapakuwa na nyasi kabisa. Palikuwa na mchanga uliomwagiwa oili chafu ya magari ili upepo usiuchukue. Tuliuita brauni. Kabla ya kupiga mpira wa mwisho ulitakiwa uusawazishe kwa ubao, na jioni viatu vyako vilinuka kama gereji.

Nilikuwa mchezaji mbaya mwenye nguvu. Kulima mahindi kwenye mteremko kunampa mtu mabega, na mpira wangu ulienda mbali; tatizo lilikuwa ni wapi. Mkubwa alipiga mpira mfupi na wa moja kwa moja, akatembea, akapiga tena. Tukienda hivyo hatukuzungumza sana. Nilipenda ile saa na nusu kuliko chochote nilichokuwa nacho wakati ule.

Shimo alilolipenda zaidi lilikuwa la sita. Lilipanda, halafu katikati njia yake ikakunja kushoto ghafla na kulizunguka jabali kubwa lililofunikwa na vichaka. Ilibidi upige mpira wa kwanza mpaka kwenye kona, wa pili ndio uelekee shimoni. Kila tulipofika pale alisema lile lile: "Aliyechora hili alikuwa na akili."

Siku ninayoisimulia kulikuwa na ukungu mwepesi. Nilipiga kwa fimbo ya mbao, na mpira haukukunja na njia. Ulikwenda kulia, ukagonga jabali mara moja, tukasikia majani, kisha kimya.

"Wacha huo," mkubwa akasema. "Piga mwingine."

Lakini nilikuwa nimebaki na miwili tu, na mipira ilikuwa haipatikani Voi. Nikaweka mfuko wangu chini, nikaingia vichakani. Nyuma ya vichaka jabali lilikuwa limeinama, na chini yake palikuwa na nafasi ambayo mtu mzima angeingia kwa magoti. Nikaona kitu cheupe ndani. Nikadhani ni mpira.

Nikaingia. Macho yalipozoea giza nikaona kwamba vitu vyeupe vilikuwa vingi. Vilikuwa vimepangwa kwa mstari ukutani, vimeelekea nje, na mpira wangu ulikuwa umesimama mbele ya mstari huo. Vilikuwa vichwa vya watu. Mafuvu, yenye matundu ya macho na meno.

Mtoto yeyote wa kwetu alikuwa amesikia kwamba zamani wazee waliwaweka wafu wao hivyo, kwamba mtu alizikwa, na baada ya muda kichwa chake kikatolewa na kupelekwa walipo wenzake. Tuliambiwa shuleni kama habari za kale, pamoja na mishale na nguo za ngozi. Nilidhani mambo hayo yalikwisha kabla mimi sijazaliwa.

Hapo ndipo nilipoona kwamba hapakuwa na vumbi. Sakafu ilikuwa imefagiwa; mistari ya ufagio ilionekana. Pembeni palikuwa na kibuyu kilichokatwa nusu, ndani yake kukiwa na unyevu, na kilinuka pombe ya miwa. Kibuyu kilikuwa na ufa, na ufa ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa katani, mishono miwili miwili iliyopishana. Jikoni kwetu kulikuwa na vibuyu vitatu vilivyoshonwa hivyo hivyo. Katika maisha yangu nilimjua mtu mmoja tu aliyeshona namna ile, naye alikuwa baba yangu.

Nikatoka kinyumenyume. Mpira nikauacha.

Mkubwa alikuwa amesimama njiani. "Ni nyoka?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Amekuuma?"

"Hapana."

"Basi tuendelee, utulie kwa kutembea."

Tukaendelea. Mashimo yale matatu ya mwisho niliyacheza vizuri kuliko siku zote, mkubwa alinihakikishia baadaye, na mimi sikumbuki hata pigo moja. Nakumbuka tu kwamba ndani ya gari nilishindwa kufungua kioo.

Ni lazima nieleze baba alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mzee wa kanisa. Alifanya kibarua ujanani, akalima baadaye, na kila Jumapili alikaa benchi la mbele akiwa na koti moja la kijivu. Shangazi yangu alipokwenda kwa mganga kutafuta mtoto, baba ndiye aliyesimama kanisani na kusema azuiwe meza ya Bwana. Shangazi alikuwa dada yake wa tumbo moja. Hakuja kwetu tena kwa miaka mingi.

Nilimkuta nje ya nyumba akipukuchua maharagwe. Mama alikuwa amekwenda sokoni. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, kwa sababu Kiswahili kilinikataa.

"Baba, leo nimeingia chini ya jabali kule uwanjani."

Aliendelea kupukuchua. "Jabali lipi?"

"La shimo la sita. Pale njia inapokunja."

Mikono yake ikasimama.

"Uliingia wewe mwenyewe?"

"Kwa magoti. Nilikuwa natafuta mpira."

"Uligusa kitu?"

"Sikugusa."

"Na mpira?"

"Nimeuacha."

Akakusanya maharagwe yaliyokuwa yamedondoka, moja moja, akayarudisha kwenye ungo. Nilitegemea akane. Nilikuwa nimekwisha kumtengenezea uongo njiani, kwamba kibuyu kiliibwa, kwamba mwingine alijifunza mshono wake, na nilikuwa tayari kuamini lolote kati ya hayo.

"Wa mwisho, upande wa kushoto," akasema, "ni baba yangu."

Nilikaa chini, kwenye udongo, na sketi yangu ya kazi.

"Uliniambia babu amezikwa chini ya migomba."

"Alizikwa. Baada ya mwaka wazee wakamtoa kichwa, wakampeleka. Nilikuwa kijana. Mimi ndiye niliyemshika mbuzi aliyechinjwa." Alisema kama mtu anayeeleza jinsi bomba la maji lilivyopita. "Miaka michache baadaye wazungu wakaja na kamba zao na vigingi, wanapima uwanja. Nilipata kibarua kwao, kufyeka. Yule mkubwa wao alitaka njia ipande moja kwa moja, na jabali livunjwe kwa baruti. Nikamwambia mle ndani kuna nyuki wabaya, wameshaua ng'ombe. Akasimama mbali, akatazama, akaandika kwenye karatasi yake. Kesho yake vigingi vikahamishwa kushoto."

"Wewe ndiye uliyekunja ile njia?"

"Nyuki," baba akasema. "Waliogopa nyuki kuliko dhambi."

Miezi minane nilikuwa nimesimama kwenye kona ile na kusikia mkubwa wangu akimsifu mzungu asiyejulikana kwa akili yake.

"Na kanisani?" nikamuuliza. Sauti yangu ilitoka vibaya, kama ya mtu anayegombana na mtoto. "Na shangazi? Ulimshtaki mbele ya watu."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. "Shangazi yako alikwenda kumlipa mtu amwombee kwa kitu kisicho Mungu. Mimi siombi kitu pale. Nafagia. Nawaambia mvua imekujaje, nani amezaa. Wewe ukiniandikia barua kutoka Voi, unaniabudu?"

"Lakini ulijua mimi napita pale kila Jumamosi."

"Kupita si kitu. Nilifurahi kwamba unapita." Akaweka ungo kando. "Kuingia ndiko kubaya. Mwanamke haingii mle. Njoo hapa."

Akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha maji. Akaniambia nisimame mlangoni, nimwelekee. Akachukua funda la maji, akalipuliza likatoka kama manyunyu upande mmoja wangu, akasema maneno. Funda la pili, upande wa pili. Alisema kwamba kama kuna aliyekasirika, hasira yake itoke. Kwamba mtoto huyu hakujua. Kwamba yeye mwenyewe, baba yangu, hana donge lolote na mtoto wake. Hiyo ndiyo kutasa. Nilikuwa nimesikia neno hilo kwa bibi yangu tu, na sikuwahi kuona. Maji yalinilowesha shingo. Mtu aliyekuwa akinipulizia alikuwa na kipande cha karatasi mfukoni mwa shati chenye nyimbo za ibada ya kesho, nami nilikuwa naiona namba ya kwanza ikichungulia.

Kesho yake alikaa benchi la mbele kama kawaida na koti lake la kijivu. Nilimtazama kisogo ibada nzima. Sikusikia mahubiri.

Kwa miezi kadhaa sikucheza. Nilimwambia mkubwa kwamba kiuno kinaniuma, halafu kwamba mama ni mgonjwa, halafu nikaishiwa na visingizio. Adhuhuri moja simu zilipokuwa chache, alivuta kiti, akakaa karibu na swichibodi.

"Yule hakuwa nyoka," akasema.

Nikamweleza yote, nikitazama waya zangu. Nilitegemea acheke au anihurumie, na sikujua lipi lingekuwa baya zaidi.

Taa moja ya simu ikawaka, nikaiunganisha, ikazima. "Kwetu kuna mti," akasema. "Hatuokoti kuni chini yake. Mimi nina cheti cha ubatizo na sijawahi kuokota kuni pale." Akasimama. Alikuwa kwenye kamati ya uwanja, na wiki iliyofuata pale dirishani kukawa na tangazo lililopigwa chapa kwa mashine ya ofisini kwetu: mpira ukiingia chini ya jabali la shimo la sita usitafutwe, mchezaji adondoshe mwingine kwenye njia bila adhabu. Sababu, nyuki.

Nikarudi kucheza. Nilijifunza kupiga kwenda kushoto. Mkubwa hakusifu tena aliyelichora shimo lile. Tulipofika pale aliinua kofia kidogo, akapiga, akatembea. Baba na mimi hatukulizungumza jambo hilo mara ya pili. Lakini alianza kuniuliza habari za mchezo, fimbo ipi inapeleka mpira wapi, na alisikiliza kwa umakini ambao uliniogopesha mwanzoni.

Alifariki miaka kumi baadaye, kwa kifua, wakati wa baridi. Tulimzika kando ya kanisa, tukamfunika kwa saruji siku hiyo hiyo kama alivyoagiza. Mchungaji alisema huyu alikuwa mtu aliyeacha ya kale na hakugeuka nyuma. Watu wakaitikia amina. Nikaitikia na mimi.

Watu walipoanza kutawanyika kwenda kula, baba mdogo alinifuata mpaka kwenye ua. Alikuwa ndugu mdogo wa baba, mwalimu mkuu mstaafu. Alikuwa amenifundisha sayansi darasa la sita, na alikuwa akituchapa tukitaja habari za mizimu. Alivaa suti, na miwani yake ilikuwa na ukungu wa machozi. Akatazama kama kuna mtu karibu.

"Mwanangu," akasema, "kule uwanjani kwenu, siku gani hakuna wachezaji?"

Alingoja bila kuona haya.

"Jumanne," nikamwambia.

Akashukuru, akaenda kunawa mikono.